Rangi haikupandishi mlima

Kila mwezi Machi, theluji ikiwa bado imejaa kwenye milima ya British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, makampuni ya pikipiki za theluji, yaani sledi, hufungua oda za toleo la msimu ujao, na ubishi huanza upya. Unatanguliza pesa kwa mashine ambayo bado haijaundwa, utaipokea miezi mingi baadaye, na bei yake inapita dola 20,000 za Kanada. Kwa pesa za namna hiyo ungetegemea watu waulizane wanapanda wapi, wana kimo gani, fundi wao yuko umbali gani. Lakini kwenye maegesho ya Boulder Mountain swali la kwanza, na mara nyingi la mwisho, ni moja tu: wewe ni wa Ski-Doo au wa Polaris?

Nakaa Calgary. Wikiendi zangu nyingi za baridi huishia Revelstoke, mji ulio karibu na huo mlima wa Boulder, kilomita 400 na ushei kuelekea magharibi, ng'ambo ya Rogers Pass. Siku hizi ndugu zetu wamekuwa wengi upande huu wa dunia: Watanzania na Wakenya wa Alberta, Wakongo waliopokelewa Boise na Missoula. Baadhi yao wameanza kuyatazama haya mambo kwa jicho la kutamani, na wananiuliza wanunue ipi. Mara nyingi mtu anakuja ameshachagua rangi, yaani kampuni (Ski-Doo ni njano, Arctic Cat ni kijani), anataka nimuunge mkono tu. Jibu langu huwa refu, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Nianze na mashine yenyewe. Sledi ya milimani si ile ya kuzungukia ziwa lililoganda. Mbele ina ski mbili zilizosogezwa karibu karibu ili mashine iweze kulala ubavu bila kukupiga vita. Nyuma ina mkanda mmoja mrefu wa mpira, upana wa inchi 15 au 16, wenye meno yanayofika inchi 3, na meno hayo ndiyo yanayochota theluji na kukusukuma. Injini ni ya mipigo miwili, inachoma petroli pamoja na oili, na kwa hizi kubwa za sasa ina ujazo wa cc 850 na nguvu za farasi zipatazo 165. Gia za kubadilisha kwa mguu hakuna. Kuna klachi mbili zilizounganishwa kwa belti, zinafunga na kufunguka zenyewe kadiri injini inavyozunguka. Uzito bila mafuta ni kama kilo 200. Kiti kipo, ila mlimani kinakaa bure, maana kazi yote unaifanya umesimama.

Na kazi kubwa yenyewe ni kukata mlima kwa ubavu. Tuseme mlima uko kushoto kwako, bonde liko kulia. Unaweka mguu wa kulia kwenye ubao wa kushoto wa kukanyagia, mguu wa kushoto unauacha nje, upande wa mlima, ukiburuza kwenye theluji. Usukani unauzungushia kulia, kuelekea bondeni, jambo ambalo mwili mzima unalikataa mara ya kwanza. Unakaza mafuta kidogo, kwa kidole gumba. Sledi inalala kushoto, inasimama kwenye ukingo wa mkanda na ski moja, na inaanza kukata mlima. Ukilegeza mafuta inazama. Ukizidisha, pua inanyanyuka na mashine inakugeuza kwenda bondeni, kwenye miti. Katikati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba sana, na ukiipata, ukapita kati ya mierezi mikubwa ya Frisby Ridge huku theluji ikikupiga kifuani, huna habari kama plastiki iliyo mbele yako ni njano au nyekundu.

Hata hivyo siudharau ubishi. Aliyewahi kukaa kijiweni na madereva wa bodaboda wakishindana Boxer na TVS anaujua: kuna utani, kuna hasira kidogo, na chini yake kuna watu wanaozijua mashine zao hadi nati ya mwisho. Ubishi wa sledi nao una historia ya kweli, na nadhani kila anayetaka kununua anapaswa kuijua, kwa sababu inaeleza kwa nini mashine ziko kama zilivyo.

Majira ya baridi ya mwaka 1934, katika kijiji cha Valcourt, Québec, fundi wa magari aitwaye Joseph-Armand Bombardier alifiwa na mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili. Mtoto aliugua, barabara zilikuwa zimefungwa na theluji, hospitali haikufikika. Bombardier alikuwa tayari anahangaika kuunda gari la kupita juu ya theluji. Baada ya hapo hakuacha. Mwaka 1937 alipata hataza ya gurudumu lake la meno na mkanda, akaanza kuunda magari makubwa yaliyobeba abiria, madaktari na barua vijijini. Ile ndogo ya mtu mmoja au wawili, Ski-Doo, ilitoka mwaka 1959. Kila ninapoona sledi ya njano nakumbuka kwamba mwanzo wake ulikuwa njia ya kwenda hospitali.

Upande wa pili, mji mdogo wa Roseau, Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada, kulikuwa na karakana ya zana za kilimo ya Edgar Hetteen, mdogo wake Allan, na rafiki yao David Johnson. Karibu na mwaka 1956 Johnson aliunda sledi ya kwanza wakati Edgar hayupo, na Edgar aliporudi hakufurahi hata kidogo kuona muda na vyuma vimetumika hivyo. Ikauzwa haraka, wakaunda nyingine, na hiyo ndiyo Polaris. Mwaka 1960 Edgar huyohuyo, safari hii akiwa ndiye muumini mkuu, aliondoka Bethel na wenzake watatu wakakata Alaska mpaka Fairbanks, zaidi ya kilomita 1,600, kuuonyesha ulimwengu kwamba sledi si kitu cha kuchezea. Aliporudi, wenye hisa walimlaumu kwamba amepoteza muda na pesa za kampuni. Akaondoka. Akaenda Thief River Falls, mji usio mbali, akaanzisha kampuni nyingine, ambayo baadaye ikaitwa Arctic Cat. Allan akabaki Roseau kuiongoza Polaris.

Kwa hiyo kijani, yaani Arctic Cat, na Polaris zimetoka kwenye mikono ya mtu mmoja, na kwa miaka mingi zilishindana ndugu kwa ndugu, mji kwa mji. Ukifika kaskazini mwa Minnesota utakuta familia ambazo babu alifanya kazi kiwandani, mtoto akafuata, mjukuu naye yupo. Watu kama hao hawatanii wanapotetea rangi yao. Wanatetea mishahara iliyowalea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na makampuni zaidi ya 100 yanayounda sledi Amerika Kaskazini. Karibu yote yalikufa. Yakabaki manne: Ski-Doo, Polaris, Arctic Cat, na Yamaha iliyoingia mwaka 1968. Arctic Cat yenyewe ilifilisika mwaka 1981, ikafufuliwa miaka miwili baadaye na watu walewale wa Thief River Falls. Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalijui: kampuni ya Textron iliwahi kuimiliki Polaris kuanzia 1968 hadi 1981, kisha mwaka 2017 ikainunua Arctic Cat. Mwishoni mwa 2024 ikatangaza kwamba uzalishaji wa Arctic Cat utasimama. Msimu ule ulikuwa wa huzuni hata kwa sisi ambao hatujawahi kumiliki ya kijani. Mwaka 2025 kundi linaloongozwa na mtu aliyewahi kuwa kiongozi ndani ya kampuni hiyo likainunua na kuahidi kuendelea. Yamaha nayo ilishatangaza mwaka 2023 kwamba inatoka kwenye biashara ya sledi, na matoleo yake ya mwisho Amerika Kaskazini yakawa ya 2025.

Hili linaniuma, na nitasema kwa nini. Mashine nyepesi na tiifu tunazoendesha leo hatukupewa kwa hisani. Zimezaliwa na makampuni kutishana. Mwaka 2003 Ski-Doo ilitoa chesisi ya REV iliyomsogeza dereva mbele, juu ya kitovu cha mashine, badala ya kumkalisha nyuma miguu ikiwa imenyooka. Wengine wote wakalazimika kufuata. Mwaka 2011 Polaris ikaja na Pro-RMK, iliyoshusha uzito chini ya kilo 200, na ghafla sledi za wengine zikaonekana kama magogo. Mwaka 2013 Ski-Doo wakajibu kwa tMotion, fremu ya nyuma inayoruhusu mkanda kupinda kidogo kushoto na kulia ili mashine ilale kirahisi, na mwaka huohuo Polaris wakaondoa cheni na sanduku lake la oili wakaweka belti ya meno. Arctic Cat, ambao kila mtu alishadhani wamechoka, wakatoa Alpha One mwaka 2019: badala ya reli mbili chini ya mkanda, reli moja katikati. Nimewahi kuiendesha kwenye theluji ya unga. Inalala ukiifikiria tu. Kwenye njia ngumu iliyolainishwa inayumba mpaka ukaizoea, lakini msituni sijaona kitu chepesi kama hicho.

Makampuni manne yakipigania wateja walewale, kila mwaka wa tatu au wa nne unapata hatua ya namna hiyo. Yakibaki mawili, sijui nani atamtisha nani. Ndiyo maana mtu akiniambia anafurahi Arctic Cat ikifa, namwambia kaka, unafurahia kukatwa kwa tawi ulilokalia.

Sasa, kuchagua.

Jambo la kwanza ni mwili wako na theluji yako, na yote mawili yanakwenda kwenye urefu wa mkanda. Hizi za mlimani zinauzwa na mikanda ya inchi 146, 154 au 155, 165, mpaka 175. Mkanda mrefu unaelea vizuri zaidi, unapanda zaidi, na unasamehe: ukichelewa kukaza mafuta bado uko juu ya theluji. Mkanda mfupi unageuka haraka, unacheza, unapenya kati ya miti, lakini unadai uwe macho muda wote. Mtu wa kilo 95 mwenye mzigo mgongoni, anayepanda Revelstoke ambako mita mbili tatu za theluji ni kawaida, achukue 165 bila kuona aibu. Mtu wa kilo 65, au anayependa misitu kuliko vilele, 154 itampa raha zaidi. Wanawake wengi ninaopanda nao huuziwa mashine ndefu kwa hoja kwamba ni rahisi, halafu siku ikikwama wanahangaika na nyuma nzito isiyonyanyuka. Dada, kabla ya kulipa, iombe dukani, ishike bampa ya nyuma uinyanyue. Hilo jaribio la sekunde tano linasema mengi kuliko karatasi ya sifa.

Maana kukwama utakwama. Kilo 200 ni uzito wa mashine kavu. Ongeza petroli lita 40 hivi, oili, begi la vifaa, na theluji iliyoganda kila uwazi, unakaribia kilo 250. Ikizama mpaka kwenye usukani kwenye shimo la shina la mti, unaitoa kwa mikono: unachimba mbele ya ski, unakanyaga theluji chini ya ubao wa upande wa bondeni, unailaza kwa ubavu, unajaza shimo la mkanda, kisha unaivuta pua iangalie chini. Yote hayo kwenye hewa ya baridi, ukiwa na helmeti na nguo zilizoloa jasho. Anayekuja mlimani akitegemea injini badala ya mgongo wake atachoka saa nne asubuhi.

Jambo la pili ni tabo (turbo), kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotupwa. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyembamba. Ski-Doo walikuwa wa kwanza kutoa tabo ya kiwandani kwenye injini ya mipigo miwili, toleo la 2020, ikiwa na kazi ya kulinda nguvu zilezile 165 mpaka futi 8,000, yaani mita 2,400. Toleo la 2022 wakafika 180, na mwaka huohuo Polaris wakaja na yao ya tabo, Patriot Boost. Ni mashine za ajabu. Nimeona Boost ikipanda ukuta ambao jana yake sote tuliukimbia.

Lakini fanya hesabu. Kilele cha Revelstoke tunachopanda kiko kwenye mita 2,000 na kidogo, kwa hiyo 850 ya kawaida imepoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Bado inabaki na nguvu zaidi ya zile unazoweza kuzitumia kati ya miti. Colorado, ambako Rabbit Ears Pass yenyewe ina mita zaidi ya 2,800 kabla hata hujapanda, hesabu inageuka, na pale nitakubali kwamba tabo ni kitu cha maana. Tabo inaongeza uzito, inaongeza bei kwa maelfu ya dola, na inaongeza mambo ya kuharibika mbali na barabara. Na kwa anayejifunza ina hatari nyingine: inakupeleka mahali ambapo ufundi wako hauwezi kukurudisha. Msimamo wangu kwa mtu wa msimu wa kwanza mpaka wa tatu, British Columbia, ni 850 isiyo na tabo. Ile tofauti ya bei nitasema chini iende wapi.

Jambo la tatu ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na halimo kwenye tangazo la kampuni yoyote: nani anaitengeneza, na yuko wapi. Sledi ya mlimani ni mashine inayofanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake. Belti inapasuka. Shokapu inavuja. Mkono wa ski unapinda kwa kugonga kisiki kilichofichwa na theluji. Vitelezi vya plastiki vinavyobeba mkanda vinaisha. Na msimu mzuri, ule wa theluji iliyotulia na siku ndefu, ni wiki chache tu za Februari na Machi. Jamaa yangu wa Eldoret, mtu makini kabisa na mwendeshaji mzuri kuliko mimi, alinunua mashine ya bei nzuri kwenye duka lililo mbali kwa sababu walikuwa na rangi aliyoitaka. Ikavunjika kitu kidogo katikati ya Februari. Duka halikuwa na spea, fundi alikuwa na foleni, na mashine yake ikakaa gereji huku sisi tukipanda kila wikiendi. Msimu uliofuata aliuza, akanunua ya rangi aliyokuwa akiitukana, kutoka kwa muuzaji aliye dakika 20 kutoka kwake. Nilipomtania akanijibu, "Ndugu yangu, mimi sasa ni shabiki wa fundi."

Kwa hiyo kabla ya kuchagua jina, pita kwenye maduka yaliyo karibu na nyumbani kwako na karibu na mlima wako. Usiangalie sledi. Angalia kaunta ya spea. Uliza kama wana belti ya mashine unayoitaka, mkono wa ski wa chini, vitelezi, pampu ya maji. Uliza fundi wao mwenyewe anaendesha nini. Ukikuta duka ambalo fundi anatoka nyuma mikono imejaa oili, akakueleza kwa nini klachi inawekewa vizito vyepesi zaidi ukipanda juu, umepata. Kama duka hilo ni la Polaris, nunua Polaris. Kama ni la Ski-Doo, nunua Ski-Doo. Tofauti kati ya mashine hizi mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya fundi mzuri na fundi asiyepokea simu.

Jambo la nne linafuata hilo: wenzako wanaendesha nini. Tukiwa watano na wanne wana mashine ya aina moja, belti ya akiba moja inafaa wote, plagi zinafanana, na kuna mtu anayekumbuka ni boliti ipi inafunguliwa kwanza. Mlimani, kilomita 25 kutoka maegesho, hilo si jambo dogo.

Tofauti zipo, na nitazitaja kama ninavyozisikia mwilini. Ski-Doo inaelea kwanza, inakaa juu ya theluji, inakubeba, na injini yake ya Rotax, inayotengenezwa Gunskirchen huko Austria, ni tulivu kwa namna ambayo asubuhi yenye baridi kali unaishukuru. Ule mfumo wao wa kuwasha kwa kitufe bila betri nzito unafaa sana ukiwa umesimama mahali pabaya usipoweza kuvuta kamba. Polaris inajibu haraka zaidi. Ukiuliza, inajibu hapohapo, usukani wake umesimama wima, na kwenye ubavu mkali msituni inakaa pale ulipoiweka. Mwenye papara nampeleka Ski-Doo ili imtulize. Mwenye utulivu na anayependa kuchagua mstari wake kwa usahihi nampeleka Polaris. Mimi mwenyewe ninaendesha ya njano, na kama duka la Polaris lingekuwa ndilo la karibu, ningekuwa naendesha Polaris.

Ile pesa ya tabo sasa. Iende kwenye transiva ya mawimbi yenye antena tatu (ya kumtafutia aliyefukiwa), ufito wa kupimia alipo chini ya theluji, chepe la chuma (la plastiki halichimbi theluji iliyoporomoka, inakuwa ngumu kama zege), begi lenye puto, na kozi ya maporomoko ya theluji ya siku mbili. Vyote hivyo pamoja ni nafuu kuliko tabo.

Naliweka hili kwenye makala ya majina ya mashine kwa sababu ushindani wa majina umewahi kuua watu. Kuna mchezo wa zamani wa kupanda mteremko mpaka uwezo uishe, kugeuza na kuacha alama yako, halafu mwenzako anajaribu kuipita. Jackson, Wyoming, wanashindana namna hiyo kila Machi tangu 1976 kwenye mlima wa Snow King, na pale ni uwanja, kuna waamuzi na njia iliyopangwa. Milimani kwetu hakuna. Tarehe 13 Machi 2010, watu wapatao 200 walikuwa wamekusanyika chini ya mteremko wa Boulder Mountain kutazama sledi zikipanda. Mlima ukaporomoka juu yao. Watu 2 walifariki na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa. Mteremko ule uko umbali mfupi kutoka njia tunayopita kila wikiendi, na sijawahi kuupita bila kuutazama.

Miteremko mingi inayoporomoka ina mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45, na hiyo ndiyo hasa miteremko inayotamanisha mwenye mashine mpya. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kuishi akichimbuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza. Baada ya hapo nafasi inashuka haraka. Helikopta haifiki ndani ya dakika 10. Wanaokuokoa ni wale uliokuja nao. Kwa hiyo soma taarifa ya maporomoko ya shirika la Avalanche Canada asubuhi kabla ya kuwasha gari. Mpande mmoja mmoja. Msiegeshe chini ya mteremko ambao mwenzenu anaupanda. Na mtu akikwama katikati, mwacheni ajitoe mwenyewe. Sledi ya pili ikimfuata inaongeza uzito na mtikisiko mahali palepale. Hili la mwisho ndilo gumu zaidi kwetu, tuliolelewa kukimbilia mwenzetu aliyeanguka. Jizoezeni kusema kabla ya kupanda, kwa sauti: nikikwama, msije.

Angalia pia ramani za maeneo yaliyofungwa. Sehemu za milima ya British Columbia, zikiwemo za Frisby, zimefungwa kwa sledi ili kuwalinda “caribou” wa milimani, wanyama wa jamii ya kulungu wanaoishi majira ya baridi juu kabisa, wakila kuvumwani (lichen) zinazoota kwenye miti. Wamebaki wachache mno. Mwenye sledi ya rangi yoyote akiingia humo anatuharibia wote.

Kwa ambaye hana dola 20,000, na wengi wetu hatukuanza nazo, nunua iliyotumika misimu mitatu au minne kutoka kwenye chesisi ambayo bado inatengenezewa spea. Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha upande, uone klachi: nyuso zake ziwe laini, bila mifereji ya belti. Ilaze kwa ubavu uangalie chini, kwenye vipoozaji vya bati vilivyo juu ya mkanda, kama vimegongwa au vimechomelewa. Shika kila ski uitikise, usikie kama viungo vina mchezo. Angalia meno ya mkanda, yakiwa yamekatika mengi upande mmoja basi mashine imepigishwa mawe. Uliza karatasi za gereji. Omba kipimo cha mgandamizo wa silinda zote mbili, visomeke karibu sawa. Na mwambie muuzaji kabla hujafika kwamba asiiwashe, kwa sababu unataka kuiona ikiwaka ya baridi. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, muage, urudi siku nyingine.